Mwenye Nyumba Kahama

Miaka ile kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakatolewa getini na bahasha zao mkononi, watu wa Mafiga walijitungia sheria moja ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Mtu wa tai akiingia mtaani na mkoba, akamuulizia jirani yako, jirani yako kahama. Usikune kichwa wala usiulize anatafutiwa nini. Kahama! Awe yumo ndani anakaanga vitumbua, awe yuko uani anaanika nguo, kahama, na huko alikokwenda hukujui. Watoto wa darasa la pili waliijua sheria hiyo kuliko walivyojua kuzidisha.

Na hakuna aliyeiamini kama Mwajuma, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa akiuza mkaa na maandazi kwenye kibaraza chake. Alikuwa na sababu. Kuna mwaka alikopa kwenye kikundi cha akina mama, biashara ya khanga ikamfia mikononi, na siku moja vijana wanne wakaja na mkokoteni kumbebea kitanda na kabati. Jirani yake Theresia ndiye aliyewawahi mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwajuma gani mnayemtafuta? Yule kahama wiki iliyopita, kaenda kwa mwanawe Kilosa. Humu nimepanga mimi, na vitu ni vyangu. Haya, guseni muone!"

Wakati huo Mwajuma alikuwa nyumba ya pili, uvunguni mwa kitanda cha Theresia, kabana pumzi, vumbi linamtekenya pua, anamwomba Mungu asimpe chafya. Vijana wakageuza mkokoteni wao. Miezi minne baadaye Mwajuma akalipa kila kitu kwa miguu yake mwenyewe, na kitanda chake akakilalia. Tangu hapo, ukimgusa Theresia umemgusa Mwajuma. Mmoja Mkatoliki wa Mgeta, mwingine Mwislamu wa Mkuyuni, lakini Idi pilau lilivuka ua na Krismasi soda zilivuka ua, na aliyetaka kuwagombanisha alichoka yeye.

Sasa nyumba ya Theresia. Vyumba vitatu na sebule, bati la rangi nyekundu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona. Mumewe Leonard aliijenga miaka kumi na mmoja akiwa kiwandani, mwezi huu mfuko wa saruji, mwezi ule bati mbili. Alipopunguzwa kazi hakukaa kijiweni kuilaani serikali kama wenzake. Alikwenda benki, akaiweka nyumba dhamana, akanunua Canter kuukuu ya kupakia kabichi na karoti za Mgeta kuzipeleka Dar. Miezi minane ilikwenda vizuri, na kila mwezi alipeleka rejesho akiwa amechomekea shati. Rejesho la tisa likaangukia masika. Barabara ya Mgeta ikawa utelezi, Canter ikashuka bondeni na Leonard yumo. Basi, habari yake ikaishia hapo.

Wakamzika kwao, juu kule milimani Mgeta, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Baada ya arobaini Theresia akashuka mjini siku moja tu, kaniki mwilini, kufunga nyumba. Akamkabidhi Mwajuma ufunguo.

"Da Mwajuma, nimezungumza na mama. Kanipa lile shamba lenye maji. Nitalima misimu miwili, kabichi na karoti, halafu nashuka na kitu mkononi naingia benki. Nikienda sasa hivi nitawapa nini, machozi?"

"Nenda mdogo wangu. Nyumba ninayo mimi."

"Na watu wa benki wakija, waambie niko Mgeta nalima. Wape jina la kijiji, wape na jina la mama. Wakitaka kunifuata wanifuate. Sina cha kuficha."

"Sawa," akasema Mwajuma.

Alisema sawa kwa mdomo. Moyoni alimhurumia. Alijisemea, huyu msiba umemvuruga, maskini, kuna mtu anayemwelekeza fisi zizini? Mtu aliyewatimua vijana wanne kwa ulimi mtupu leo anataka kujipeleka benki mwenyewe. Basi atakayekuwa na akili kwa niaba yake ni mimi.

Na akaanza kuwa na akili siku hiyohiyo. Nyumba isiyo na mtu Mafiga haimalizi wiki bila kuvunjwa, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo Mwajuma akaita wapagazi, akahamishia kwake kila kitu: cherehani, kitanda, kabati, redio, sufuria. Mapazia akayatungua akayafua, akayakunja na vidonge vya dawa ya nondo ndani yake. Kuku saba wakavuka ua. Kwake pakawa hapapitiki, analala baina ya kabati mbili, wala hakunung'unika. Nyumba ya Theresia ikabaki kuta, sakafu na msalaba mmoja ukutani, ambao Mwajuma aliogopa kuugusa.

Mwezi wa tatu tangu Theresia aondoke akaja kijana wa benki. Jina lake Jastin, mpole, viatu vimejaa vumbi kwa sababu hakuja na gari. Ukitaka kumchukia usingepata pa kumshika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu maandazi."

"Ahsante mama, nimeshakunywa chai. Namuulizia mwenye nyumba hii ya jirani. Theresia, mke wa marehemu Leonard."

Haya sasa! Mwajuma akafuta mikono kwenye khanga, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia. Siku aliyoingojea imefika.

"Theresia? Aah, yule kahama mwanangu."

"Kahama au kasafiri?"

"Kahama! Mume kafa, hapa atakaa na nani? Kabeba vitu vyote mpaka kuku. Chungulia dirishani uone, hata pazia hakuacha."

Jastin akaenda, akaweka viganja kwenye kioo, akachungulia. Akaona sakafu. Akarudi akiwa na uso wa kusikitika.

"Hamna namna ya kumpata, mama? Namba ya simu? Ndugu? Nauliza kwa nia nzuri. Nikimpata mwenyewe tunaweza kukaa tukazungumza, akaomba muda."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Maneno mawili tu yalihitajika, yuko Mgeta, na kijana yule angepanda gari la mboga kesho yake asubuhi. Lakini Mwajuma alishawasikia wengi wanaouliza kwa nia nzuri. Hata wale wa mkokoteni walianza na shikamoo.

"Baba, sijui. Wengine wanasema Songea, wengine wanasema Tunduru. Huyo harudi tena."

Jastin akatoa karatasi mkobani, akaandika akiwa ameinamia meza ya maandazi, kisha akamsomea neno kwa neno, bila kumficha kitu. Kwamba mimi Mwajuma, jirani, nathibitisha mwenye nyumba ameondoka na mali zake zote, hajulikani alipo, hatarajiwi kurudi, na nyumba imetelekezwa. Akamuuliza anajua kusoma. Swali hilo likamchoma Mwajuma, maana alikuwa na cheti chake cha elimu ya watu wazima ukutani. Akainyakua kalamu, akaandika jina lake lote, la baba na la babu, kwa mwandiko wa kulala.

Mzee Abdulatif, mjumbe wa nyumba kumi, naye akaitwa. Akamtazama Mwajuma, Mwajuma akamkonyeza. Mzee akaielewa sheria ya mtaa. "Ni kweli," akasema, "tangu msiba hatujamtia machoni." Akagonga muhuri wake, paa!

Kijana alipokata kona wakacheka, jamani! Wakacheka mpaka Mzee Abdulatif akavua kofia kujipepea. "Wakatafute Tunduru huko," akasema. Mwajuma alilala na moyo mweupe kuliko siku zote tangu mumewe afariki. Deni la uvunguni alikuwa amelilipa.

Haikupita miezi miwili, karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa Theresia. Mwajuma aliiona alfajiri anatoka kuchota maji. Unafikiri alifanya nini? Alifanya ambalo mwanamke yeyote wa mtaa ule angemfanyia mwenzake. Akaleta maji ya moto na kitambaa, akailowesha, akaibandua polepole isichanike, kabla wapita njia hawajaamka kusoma aibu ya mjane. Akaikausha juani kwa siri, akaikunja, akaitia ndani ya Msahafu wake.

Alikuwa ameisoma, asiseme mtu hakuisoma. Ilisema siku sitini, ilisema deni, ilisema kuuzwa. Akaipeleka kwa Mzee Abdulatif, naye akaisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani.

"Wanatisha tu," akasema mzee. "Watauzaje nyumba ya mtu ambaye hayupo? Nani atasaini? Nani atamkabidhi mnunuzi ufunguo? Ufunguo si unao wewe?"

"Ninao."

"Basi. Mtu akiwa hayupo, kila kitu kinamsubiri."

Ndivyo mtaa mzima ulivyoamini, na kwa vikundi vya mikopo ilikuwa kweli. Vijana wa mkokoteni wasipomkuta mtu wanarudi bure. Hakuna aliyejua kwamba benki ina kitabu kingine, ambamo mtu akiwepo lazima wamsubiri, na asipokuwepo ndipo kazi inapokuwa rahisi. Tangazo likachapwa gazetini pia. Mgeta gazeti hufika likiwa limefungia dagaa.

Hata hivyo roho ya Mwajuma haikutulia. Ijumaa moja alikwenda sokoni, karatasi kaifunga kwenye pindo la khanga, akamtafuta Andrea, dereva wa lori la mboga aliyekuwa akipita kijijini kwa akina Theresia kila wiki.

"Yule mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo sana," akasema Andrea, huku anahesabu matenga. "Juzi nimemkuta shambani. Kabichi zake, mama, hivi!" Akapanua mikono. "Na tangu afiwe ndiyo nimemsikia akicheka. Una mzigo wa kumpelekea?"

Mkono wa Mwajuma ulikuwa tayari kwenye lile fundo. Lakini utampelekeaje mfiwa habari ya msiba wa pili, siku ile ile uliyoambiwa amecheka? Mtu hajavua kaniki bado! Akafungua fundo jingine, akanunua sukari kilo mbili na mche wa sabuni.

"Mpe hivi. Mwambie nyumba nzima, kuku wamefika kumi na mmoja."

Laiti angejua! Kumi na mmoja, na siku zilizobaki zilikuwa thelathini na mbili.

Mnada ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi. Gari lenye spika likasimama mbele ya bati jekundu, dalali akapanda juu ya boneti kutangaza nyumba nzuri, karibu na barabara, haina mgogoro, haina mtu. Wakaja matajiri watatu na watazamaji mia. Mwajuma akatoka mbio na unga mikononi.

"Simamisheni! Mwenyewe yupo! Yuko Mgeta, analima, anakuja kulipa! Mimi nina ufunguo!"

Watu wakageuka. Jastin alikuwepo, kasimama kando na jalada. Akamsogelea, na kwa sauti ile ile ya upole akafungua ukurasa.

"Mama, huu si mwandiko wako?"

Mwajuma akautazama mwandiko wake wa kulala, jina lake, la baba na la babu.

"Nilikuwa namsitiri," akasema.

"Ungeniambia mama," akasema Jastin. "Ningepanda Mgeta. Wallahi ningepanda mwenyewe."

Nyundo ikagonga mara ya tatu. Nyumba ikaenda kwa mfanyabiashara wa mbao. Jioni fundi akaja kubadilisha kitasa, na ule ufunguo wa Mwajuma ukawa chuma tu.

Andrea alipanda na habari, na Jumatatu Theresia akashuka na lori lake. Hakuja analia. Alikuwa na pesa ya msimu mzima kwenye kitambaa kifuani, na uso wa mtu aliyechelewa gari ambalo bado analiona. Mwajuma alimweleza yote, hakuacha neno, uvungu, Tunduru, maji ya moto, sukari. Theresia alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia useme niko Mgeta."

"Nilidhani..."

"Maneno mawili, Da Mwajuma. Niko Mgeta. Hukutakiwa kudhani chochote."

Walikwenda kwa Janeth, wakili wa msaada wa kisheria, binti aliyekuwa na meza moja na foleni ya watu mpaka nje. Janeth akawaeleza bila kuzungusha. Kama benki ingejua mwenye nyumba aliko, karatasi ingepaswa kumfikia mkononi, na angekuwa na nafasi ya kulipa au kuomba muda. Benki inasema ilimtafuta ikamkosa, na ushahidi wake ni karatasi ya jirani. Tumaini ni moja: jirani asimame mahakamani aape kwamba alisema uongo.

"Nitaapa," akasema Mwajuma. "Nitaapa mara mia."

Siku ya kesi alivaa baibui jipya. Wakili wa benki alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya asali.

"Mama, ulimwambia afisa wetu kwamba jirani yako amehama. Ule ulikuwa ukweli?"

"Nilikuwa namsitiri mwenzangu."

"Ukweli au uongo, mama?"

"Uongo."

"Na leo unasema?"

"Ukweli mtupu, Mungu ni shahidi."

"Ulisaini uongo kumsaidia rafiki yako. Leo umekuja kumsaidia rafiki yuleyule. Sasa mheshimiwa hakimu atajuaje ni siku ipi unasema kweli?"

Watu wakaguna. Ndipo Mwajuma akakumbuka, na moyo ukamruka kwa furaha. Ushahidi anao! Akaingiza mkono ndani ya baibui, akatoa ile karatasi, imekunjwa vizuri, haina hata mchaniko.

"Hii hapa! Tangazo lenu la mlangoni. Niliibandua mimi siku ileile, mwenyewe hakuiona mpaka leo. Mnaona? Hakuiona!"

Janeth alifumba macho. Wakili wa benki akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi ya harusi.

"Mheshimiwa," akasema, "upande wa pili ulitutaka tuthibitishe kwamba tangazo lilibandikwa mlangoni, na kwa kuwa aliyelibandika ameacha kazi, tulikuwa hatuna shahidi. Sasa tunaye. Ahsante sana, mama yangu."

Hukumu ilisomwa kwa dakika kumi. Nyumba ilionekana imetelekezwa, tangazo lilibandikwa, mnada ulikuwa wa hadhara, mnunuzi alinunua kwa nia njema. Kilichobaki baada ya deni, riba na ujira wa dalali kikatiwa kwenye bahasha, na bahasha yenyewe ilikuwa nyepesi kama ile ya Leonard siku ya kiwanda.

Wiki iliyofuata Andrea akaegesha lori mbele ya kibaraza cha Mwajuma. Wapagazi wakaanza kutoa kitanda, kabati, redio. Cherehani ilikuwa imepakwa mafuta, haina punje ya kutu. Mapazia yalinukia dawa. Kuku walikuwa kumi na tisa. Kila kitu alichokabidhiwa Mwajuma alikuwa amekitunza kuliko cha kwake, isipokuwa kile kimoja alichopewa kwa mdomo. Alisimama kando akilia waziwazi, khanga imeloa.

"Nipige, Theresia. Nitukane basi. Sema chochote."

Theresia hakumpiga wala hakumtukana, na Mwajuma angetoa hata kitanda chake ili atukanwe. Theresia aliusogelea ua, akaitazama nyumba. Mfanyabiashara wa mbao alishaanza kuipaka rangi ya kijani. Msalaba wa ukutani alikuwa ameutoa nje, ameuegemeza kwenye ndoo ya chokaa. Theresia akamwomba fundi, akapewa, akaufuta kwa kiganja, akaupakata.

"Kuku wako," akasema Mwajuma.

"Baki nao."

Akapanda mbele, karibu na Andrea. Lori likaunguruma. Mwajuma akashika mlango, hataki kuuachia. Theresia akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, bila hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu.

"Da Mwajuma, mtu akija kuniulizia," akasema, "mwambie nimehama."